Tasfida na Unyanyapaa katika Sala za Maombezi: Mfano wa UKIMWI

Makala haya yanachunguza jinsi maradhi yenye mwiko yanavyotajwa katika sala za maombezi, yaani sala ambazo kusanyiko la Wakristo huwaombea wengine kwa sauti. Mfano wetu ni UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983.

Sala ya faragha huwa kati ya mwombaji na Mungu. Sala ya hadhara ina msikilizaji wa tatu, nao ni umma. Kwa sababu hiyo, mwombaji hukimbilia tasfida kama vile "ugonjwa wa siku hizi". Tasfida hiyo ina kazi mbili zinazokinzana: humsitiri mgonjwa, lakini pia huthibitisha kwamba ugonjwa wake haustahili kutamkwa kanisani, ilhali malaria hutamkwa bila kusita.

Hata hivyo, unyanyapaa haukai katika msamiati tu. Linganisha sentensi hizi:

(1) Ee Mungu, uwahurumie waliojitakia gonjwa hili.

(2) Ee Mungu, uwatie nguvu walioambukizwa virusi vya UKIMWI.

(3) Ee Mungu, ututie nguvu sote, tunaoishi na virusi vya UKIMWI na tusioishi navyo.

Katika (1), kiambishi rejeshi -ji- kinamfanya mgonjwa kuwa chanzo cha maradhi yake, na umbo la ukubwa "gonjwa" linaongeza hofu. Ombi limegeuka hukumu. Katika (2), kauli ya kutendwa inaondoa lawama, na ugonjwa unatajwa waziwazi. Lakini kiambishi cha yambwa -wa- bado kinawaweka wagonjwa nje ya kusanyiko linaloomba. Ni katika (3) tu ambapo -tu- inakiri kwamba wao pia ni waombaji.

Ukweli wa (3) ulidhihirika mwaka 1992, pale Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alipotangaza hadharani kwamba anaishi na virusi hivyo. Aliyezoea kuongoza maombezi alikuwa mmoja wa wale wanaoombewa.

Kwa hiyo, kuutaja ugonjwa na kumtaja mgonjwa ni matendo mawili tofauti. La kwanza huvunja mwiko. La pili lisipopata ridhaa ya mgonjwa huwa ni kutoa siri yake kwa kisingizio cha ibada. Umbo la (3) linautaja ugonjwa bila kumnyooshea mtu yeyote kidole.