Gari la zamani lililolala miaka: Pima mafuta kwanza, bei baadaye

MNUNUZI wa Arusha au Moshi anayevuka mpaka wa Namanga au Holili kutafuta gari la zamani nchini Kenya hukutana mara nyingi na kauli moja ya muuzaji: injini ni nzima, kilichobaki ni kusafisha kabureta tu. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli. Inaweza pia kuwa mwanzo wa gharama zitakazozidi bei ya gari lenyewe.

Gari linalowaka na lisilowaka haviuzwi bei moja, na katika mapatano mwenye nguvu ni yule anayejua kwa nini haliwaki. Habari njema ni kwamba hitilafu nyingi za mfumo wa mafuta hugunduliwa asubuhi moja kwa vifaa vya bei nafuu: chupa mbili za kioo, dumu safi, mpira wa mafuta wa mita moja, spana chache na petroli mpya. Kinachotakiwa ni kufuata mpangilio na kutobahatisha.

Magari haya yanatoka wapi

Peugeot 504 ni mfano unaojulikana pande zote za mpaka. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kenya iliendelea kuliunganisha hadi 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kusitisha utengenezaji wa saluni zake mwaka 1983. Yale ya mgongo mrefu yalibeba abiria wa masafa marefu, wakiwamo wafanyabiashara na mizigo yao.

Mengi yaliegeshwa mabasi madogo ya Kijapani yalipotawala barabara. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yameyarudishia magari ya aina hiyo hadhi, na wenye nayo sasa wanajua kwamba si chuma chakavu.

Hata hivyo, mwelekeo wa safari una uzito kibiashara. Kwa kanuni ya jumla, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania inaruhusu magari makuukuu lakini inayatoza ushuru wa ziada. Mnunuzi anapaswa kupata hesabu ya forodha kabla ya kulipa. Aidha, gari lisilowaka huvuka mpaka likiwa juu ya lori au likivutwa, na hiyo ni gharama nyingine.

Petroli nayo huzeeka

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo huiwezesha injini baridi kuwaka, huvukiza kwanza. Vinavyobaki hukutana na hewa na polepole hugeuka kuwa utomvu wa kahawia unaonata kama vanishi. Petroli iliyoharibika hupoteza ule ukali wa harufu yake na kunuka kama rangi ya mafuta ya siku nyingi.

Wakati huo huo, nafasi tupu ndani ya tangi huvuta unyevu wa hewa. Usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone, maji hushuka chini ya petroli kwa kuwa ni mazito zaidi, na kutu huanza sakafuni mwa tangi. Ndiyo maana gari lililoachwa na tangi nusu katika mji wa pwani kama Mombasa huwa na hali mbaya kuliko mmiliki anavyodhani.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kufunga betri mpya na kupiga stata papo hapo. Stata inapozunguka, pampu huvuta uchafu wote wa tangi na kuusukuma hadi kwenye kabureta. Gari lililokuwa na hitilafu moja linakuwa na tatu.

Kwa hiyo, kabla ya yote, mpira unaotoka kwenye tangi uchomolewe na kuzibwa. Plagi zifunguliwe, matone ya oili safi yatiwe katika kila silinda, kisha injini izungushwe kwa mkono. Ikiwa haizunguki, mazungumzo ya mafuta hayana maana tena; hiyo ni kazi ya kufungua injini, na bei lazima iseme hivyo.

Je, ni mafuta au ni moto?

Si kila gari lisilowaka lina tatizo la mafuta. Magari ya wakati huo hutumia platini ndani ya distributa, na platini iliyokaa miaka bila kazi hupata ukungu unaozuia umeme. Fundi hupima kwa kuunganisha plagi na waya wake, kuigusisha kwenye chuma cha injini mbali na petroli yoyote, na kuangalia kama cheche inaruka stata inapozungushwa. Bila cheche, kusafisha kabureta ni kupoteza fedha.

Cheche ikiwapo, linafuata jaribio la dumu, ambalo ndilo kiini cha uchunguzi wote. Dumu lenye petroli mpya hufungwa mahali palipo juu kidogo ya kabureta, na mpira wake huunganishwa moja kwa moja na kabureta. Tangi, mabomba na pampu vyote vinakuwa vimewekwa kando.

Injini ikiwaka na kunguruma vizuri, kabureta na moto vimefaulu mtihani. Mshukiwa anabaki kuwa pampu, mabomba au tangi. Injini isipowaka, plagi zifunguliwe tena. Plagi kavu inaonyesha kwamba petroli haifiki ndani ya silinda. Plagi iliyolowa inaonyesha kwamba petroli inafika, pengine kwa wingi kupita kiasi, au cheche ni dhaifu.

Pampu na mabomba

Magari mengi ya kabureta hutumia pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, yenye kiwambo cha mpira ndani. Kiwambo hicho hukauka na kupasuka. Kuipima, dumu hushushwa chini, pampu huvuta kutoka humo, na mpira wa kutokea huelekezwa kwenye chupa huku stata ikizungushwa. Pampu nzima hutema petroli kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoa mapovu, kuna mahali inapovuta hewa, mara nyingi kwenye mpira uliopasuka au kibano kilicholegea.

Hatari kubwa zaidi haionekani nje. Kiwambo kilichopasuka kinaweza kumwaga petroli ndani ya oili ya injini. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha kiwango kimepanda, au oili ikinuka petroli, injini isiwashwe hadi oili ibadilishwe na pampu itengenezwe. Oili iliyochanganyika hailindi beringi, na ukarabati wa beringi ni ghali kuliko pampu mara nyingi.

Tangi na mfuniko

Petroli kidogo kutoka sehemu ya chini ya tangi ikingwe kwenye chupa ya kioo na kuachwa itulie kwa nusu saa. Maji hujitenga chini kwa mstari unaoonekana. Chembe nyekundu ni kutu. Rangi ya chai ya rangi ni dalili ya utomvu.

Kuna gari linalowaka vizuri, likatembea dakika kumi, kisha likazima, na baada ya kupumzika likawaka tena. Mara nyingi sababu ni mfuniko wa tangi ambao tundu lake la hewa limeziba. Petroli inapotoka, hewa haiingii, na pampu inashindwa kuvuta. Mfuniko ukifunguliwa na kusikika mvumo wa hewa, jibu limepatikana bila gharama. Mfuniko usipokuwa na kosa, kutu inayosafiri na kuziba mdomo wa bomba ndiyo ya kushukiwa.

Kabureta yenyewe

Hapa ndipo dalili zinapotofautiana. Kabureta inayomwaga petroli nje ina sindano ya boya iliyokwama wazi, au boya lililotoboka na kuzama. Kabureta ambayo bakuli lake ni kavu ina sindano iliyonatia ikiwa imefungwa. Injini inayokubali kuwaka choki ikivutwa tu inapata petroli kidogo mno, kwa kawaida kwa sababu jeti zimeziba. Ikizima kila mguu unapoachia mafuta, jeti ya sailensa ndiyo ya kwanza kuangaliwa, maana tundu lake ni dogo kuliko mengine.

Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya usitumike. Shaba ni laini, tundu hupanuka, na gari litakunywa mafuta kwa maisha yake yote. Mnunuzi anapaswa pia kujua kwamba seti ya gasketi na sindano hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kabureta mpya kutoka ng'ambo.

Risasi, ethanoli na mafuta ya taa

Baadhi ya wauzaji hulaumu petroli ya siku hizi. Ni kweli kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi ifikapo 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Lakini athari ya kukosa risasi ni valvu kula viti vyake taratibu katika baadhi ya injini, baada ya mwendo mrefu. Haimzuii mtu kuwasha gari leo.

Ethanoli ni suala jingine. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa katika petroli tangu 1982, hivyo gari linaloingia Tanzania kupitia Kasumulu linaweza kuwa limelala na mchanganyiko huo. Ethanoli huvuta maji na hudhoofisha mipira ya zamani. Mipira yote ibadilishwe bila mjadala.

Hali kadhalika, petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huzuia injini baridi kuwaka. Kenya ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kupambana na uchakachuaji huo. Kwa hiyo petroli ya majaribio inunuliwe kituoni, si kwenye chupa za kando ya barabara.

Usalama na bei

Kazi yote ifanyike nje, penye upepo, pasipo sigara, na kizima moto kiwe karibu. Petroli isinyonywe kwa mdomo, hasa ya gari lililoegeshwa kabla ya 2006, kwani inaweza kuwa na risasi. Isimwagwe ardhini wala mtaroni.

Baada ya hapo, mezani panabaki hesabu. Mfuniko, mipira, kiwambo na usafi wa kabureta ni matengenezo madogo, na muuzaji aliyesema gari linahitaji kabureta tu atakuwa amesema kweli au karibu na kweli. Tangi lililotoboka kwa kutu na petroli iliyoingia kwenye oili ni sababu halali ya kushusha bei. Muuzaji anayekataa jaribio la dumu lisilozidi saa moja naye ametoa jibu. Mnunuzi anaweza kurudi mpakani na fedha zake mfukoni.