Helikopta Iliyoukabili Moto kwa Upepo Wake

Ndege ya kivita iangukapo na kushika moto, rubani aliyefungwa mikanda kitini hana muhula wa kungoja gari la zimamoto. Na ilikuwa kwa haja hiyo Jeshi la Anga la Marekani, tangu mwaka 1958, lilipokea Kaman HH-43 Huskie, helikopta isiyo na umbo la kupendeza wala mbio za kusifika, walakini, kwa rai yangu, haikustahili kusahauliwa upesi namna ile.

Mhandisi Charles Kaman, aliyeanzisha kampuni yake huko Connecticut mwaka 1945, alifuata njia aliyoitangulia Anton Flettner wa Ujerumani: milingoti miwili iliyosimama bega kwa bega na kuinamia nje, kila mmoja na mapanga yake mawili ya mbao, nayo yazunguka yakipishana pasipo kugongana, hata panga la mkiani lisihitajike.

Ajabu yake hasa ilikuwa upepo, ambao kwa kawaida ni mchochezi wa moto. Kengele ikilia, helikopta iliruka hima na tungi la duara lenye uzito wa takriban kilo 450 likining’inia tumboni, ikalitua karibu na ajali pamoja na wazimamoto wawili, kisha ikapanda tena kidogo na kusimama hewani. Na kishindo cha hewa kutoka mapangani kikazilaza ndimi za moto upande wa pili, kikafungua njia yenye hewa baridi, ambamo wazimamoto walipita na mpira wao wa povu mpaka alipo rubani. Kazi ya namna hiyo yataka moyo wa chuma, maana shehena ya mafuta yaweza kulipuka wakati wowote.

Vita vya Vietnam viliitoa helikopta hiyo viwanjani na kuipeleka misituni, ambako iliitwa Pedro kwenye redio, na kati ya 1966 na 1970 ikaokoa watu 888. Tarehe 11 Aprili 1966, karibu na Cam My, William Pitsenbarger, kijana wa miaka 21, alishushwa kwa winchi kutoka katika mojawapo ya helikopta hizo, akipita kati ya matawi ya miti, hadi kwa askari wa miguu waliozingirwa. Akasaidia majeruhi tisa kupandishwa, na helikopta ilipopigwa risasi, alikataa kuondoka nayo, akabaki akifunga vidonda na kugawa risasi mpaka akauawa jioni ile. Nishani kuu ya ushujaa ya Marekani ilikabidhiwa baba yake tarehe 8 Desemba 2000.