Mnara wa Aliyekataa Gia

Zikibaki kama kilomita nane kufika juu ya Galibier, katika milima ya Alps upande wa Ufaransa, barabara huvuka kijito mahali paitwapo Plan Lachat, kisha hukata kona na kuukabili mlima uso kwa uso. Kando ya lami pana kibao kidogo, na kila baada ya kilomita moja kingine. Vibao hivyo vimewekwa kwa ajili ya waendesha baiskeli. Vinakwambia uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, umebakiza kilomita ngapi, na kilomita inayofuata ina mwinuko wa asilimia ngapi. Havina neno la kukutia moyo wala la kukutisha. Nikasoma cha kwanza, nikashusha gia. Nikasoma cha pili, nikashusha tena. Kufika cha nne sikuwa na gia ya kushusha, nimebaki na pumzi yangu tu.

Pito lenyewe liko mita 2,642. Upepo ni mkali, hewa ni nyepesi, na mawe yanapiga miluzi: ni marmoti, mnyama mnono anayeishi mashimoni na anayemkumbusha mtu wa kwetu pimbi. Nikavuka upande wa kusini, nikateremka kidogo hadi kwenye mdomo wa handaki la zamani, na hapo nikakuta mnara mnene wa mawe. Ulijengwa mwaka 1949 kumkumbuka Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France. Hadi leo, Tour ikipita hapa, mara nyingi anayetangulia kufika juu hupewa zawadi yenye jina lake.

Watu walikuwa wakipiga picha, baiskeli zao zimeegemezwa kando. Nikazitazama moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa na gia moja. Ndipo jambo likanikwama kooni, na halijatoka tangu siku hiyo. Desgrange alizidharau gia. Kwa miaka mingi aliwazuia mabingwa wa mashindano yake kuzibadili wakiwa mwendoni. Sote tulikuwa tumefika mlangoni kwake kwa msaada wa kitu alichokikataa.

Basi aliyezipigania ni nani, na mnara wake uko wapi?

Baiskeli ya gia moja tunaijua. Ndiyo iliyobeba maziwa, mkaa, madumu ya maji na bibi harusi wa vijiji vyetu. Tunajua pia kwamba mwenye baiskeli hiyo akifika kwenye mlima mkali hushuka akaisukuma, na hakuna anayemcheka. Tour ilipopandishwa Galibier kwa mara ya kwanza, mwaka 1911, mabingwa nao walikuwa na shida ileile. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande mbili: upande mmoja wa tambarare, upande wa pili wa mlima. Kubadili gia maana yake ni kusimama, kulegeza nati, kulichomoa gurudumu, kuligeuza, kurudisha cheni, kukaza, ndipo uendelee. Barabara ilikuwa ya udongo, na theluji ilikuwa imejengeka ukuta kandoni. Émile Georget ndiye aliyetangulia juu. Husimuliwa kwamba ni watatu tu waliopanda siku ile bila kushuka wakatembea.

Wakati huo, mjini Saint-Étienne, alikuwapo mtu aliyekuwa ameshasema kwa miaka mingi kwamba mateso hayo hayana sababu. Jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853, akaandika kwa jina la Vélocio. Alianza maisha katika biashara ya hariri, akaipenda baiskeli kuliko hariri, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha jarida mwaka 1887. Neno ambalo Wafaransa hulitumia kwa utalii wa baiskeli, cyclotourisme, huhesabiwa kuwa ni lake.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipanda Col de la République, pito lililo juu ya mji wake, akinyonga kwa nguvu zote. Akapitwa na mmoja wa wasomaji wa jarida lake, na msomaji yule alikuwa anavuta kiko. Mtu mwingine angekasirika. Vélocio alikaa akafikiri. Akiweka gia nyepesi ya kumfaa mlimani, tambarare atakuwa anazungusha miguu bure. Akiweka nzito ya tambarare, mlima utamshinda. Basi mtu mmoja anahitaji gia zaidi ya moja. Akaweka meno mawili mbele, cheni akawa anaihamisha kwa mkono, vidole vimejaa grisi. Kutoka hapo hakuacha tena kujaribu, kubuni na kuwatetea wabunifu wengine.

Kinachonivuta kwake zaidi ya gia ni mawaidha yake, ambayo wapanda baiskeli wa Ufaransa huyaita amri saba. Pumzika mara chache, na kwa muda mfupi, mwili usipoe. Kula kidogo kidogo kabla njaa haijakushika, kunywa kabla ya kiu. Usijichoshe ukafika mahali ambapo chakula hakipiti na usingizi hauji. Vaa kabla hujasikia baridi, vua kabla hujasikia joto, na usiliogope jua wala mvua. Mvinyo, nyama na tumbaku viache, walau ukiwa safarini. Usijilazimishe, hasa saa za mwanzo, pale unapojiona una nguvu za kumwaga. Na ya saba: usinyonge baiskeli kwa ajili ya majivuno.

Nimezirudia amri hizo mara nyingi, na kila mara nasikia sauti ya mzee wa kwetu akimfundisha kijana kulima. Yeyote aliyewasikia wapagazi wa Kilimanjaro wakiwaambia wageni "pole pole" ameshaisikia amri ya sita. Vélocio hakufundisha namna ya kumshinda mwenzako. Alifundisha namna ya kufika ukiwa bado una hamu ya kesho.

Na Alps zinahitaji hamu ya kesho. Njia kuu ya watalii wa baiskeli upande wa Ufaransa, Route des Grandes Alpes, ilibuniwa na Touring Club de France mwaka 1909. Inatoka Thonon-les-Bains kwenye ziwa Léman hadi Nice baharini, karibu kilomita 720, mlima juu ya mlima. Ukimaliza Cormet de Roselend unangojewa na Iseran yenye mita 2,764. Ukimaliza Iseran, Galibier. Baada ya Galibier, Izoard. Mapito ya juu hufungwa na theluji, hivyo msimu ni wa miezi michache tu. Anayeanza siku ya kwanza kwa kiburi, siku ya tatu mwili humdai.

Desgrange aliyaona mambo kwa jicho jingine. Naye aliijua baiskeli: mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja ya kilomita 35.325. Mwaka 1902 kulikuwa na majaribio ya baiskeli za gia milimani, na hadi leo husimuliwa habari za mwanamke aliyeitwa Marthe Hesse, aliyepanda kwa baiskeli ya gia tatu bila mguu wake kugusa ardhi. Desgrange alisifu jaribio, kisha akaandika kwamba gia zinawafaa waliopita umri wa miaka 45. Kwake, ushindi wa misuli ulikuwa na heshima kuliko ushindi wa chombo. Mabingwa walikuja kuruhusiwa kuhamisha cheni wakiwa mwendoni mwaka 1937, baada ya yeye kuacha usukani wa Tour.

Vélocio hakuiona siku hiyo. Mapema mwaka 1930 aligongwa na tramu mjini kwake, akafa. Kumbukumbu yake iko pale Col de la République, mita 1,161, chini sana ya Galibier. Tangu mwaka 1922 wapanda baiskeli wamekuwa wakikusanyika kuipanda barabara ile kwa heshima yake.

Na Marthe Hesse? Sijauona mnara wake popote.

Kuna jambo nimeliruka. Kilomita tatu kabla ya kilele, nikiwa nimeishiwa gia, alinipita mama mwenye mvi kwenye baiskeli ya umeme. Alinisalimia kwa upole. Nilimwitikia, lakini moyoni ilinipanda hasira nisiyoitarajia. Nikasimama juu ya pedeli nimfuate. Mita mia mbili baadaye nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, moyo unanidunda masikioni, na yeye ameshapotea nyuma ya kona.

Nilipomkuta juu alikuwa amevaa koti kabla baridi haijampata, anakula tini kavu, anatazama barafu za La Meije. Sikumwuliza miaka yake. Nimejiuliza tangu hapo: Vélocio angesema nini juu ya mota ile? Je, ni gia nyingine tu, au ni mahali ambapo hata yeye angesema basi? Na hasira yangu ilikuwa ya Desgrange, au ilikuwa yangu mwenyewe?