Pesa Imeingia au Haijaingia? Jinsi ya Kupanga Hedseti kwa Simu ya Bonyeza-Uongee

Ukisimama dakika chache tu Kirinyaga Road au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaona vile biashara inaenda siku hizi. Mzigo unafungwa dukani, boda anaondoka nao, mteja analipia mlangoni kwake kwa namba ya till. Linabaki swali moja: nani anamwambia boda kwamba pesa imeingia? Ujumbe wa uthibitisho umefika kwenye simu ya duka, si yake. Kupiga simu kila mara kunakula muda, na saa zingine hakuna anayeshika.

Ndiyo maana programu za bonyeza-uongee kama Zello zinapendwa. Zinafanya simu yako iwe kama redio ya askari: unabonyeza, unaongea, unaachilia, na kikundi kizima kinasikia. Sauti inapita kwenye bando la intaneti, kwa hivyo walio kwenye kikundi wanaweza kuwa mtaa mmoja au kaunti tofauti.

Programu yenyewe si ngumu. Shida huanzia kwenye hedseti, na hapo neno moja likikatika linaweza kukupotezea mzigo.

Jinsi "haijaingia" inavyogeuka "ingia"

Hedseti ya Bluetooth haiachi maikrofoni yake wazi muda wote, maana betri ingeisha upesi. Ukibonyeza kitufe, simu na hedseti kwanza hufungua njia ya sauti, na hilo laweza kuchukua kama sekunde moja. Ukianza kuongea papo hapo, mwanzo wa sentensi unapotea.

Sasa fikiria Kiswahili chetu. Sisi hukanusha mwanzoni mwa neno. Mhudumu wa duka anasema "haijaingia", mwanzo unakatika, na boda aliye Kasarani anasikia "...ingia". Anakabidhi mzigo. Hakuna aliyedanganya, lakini bidhaa imeenda na pesa haijalipwa.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, bonyeza, vuta pumzi, ndipo uongee. Zello hutoa mlio njia ikiwa tayari, kwa hivyo ungoje huo mlio. Pili, anza kwa jina la unayemwita: "Boda wa Kasarani, boda wa Kasarani..." Hata jina la kwanza likikatika, ujumbe wenyewe utafika mzima.

Hedseti ya waya

Hii ndiyo ya bei nafuu, na haihitaji kuchajiwa. Kabla hujalipa, angalia plagi yake. Ikiwa na mikanda mitatu myeusi, ina maikrofoni. Ikiwa na miwili, ni ya kusikiliza muziki tu. Kama simu yako haina tundu la duara, nunua hedseti inayoingia kwenye tundu la chaja, halafu uijaribu palepale dukani.

Kuna jambo moja linalochanganya watu wengi. Kwenye hedseti nyingi za kawaida, ukishikilia kile kitufe cha kupokea simu, maikrofoni inakatika kwa muda wote ambao umekishikilia. Ndivyo nyaya zake zilivyounganishwa, si kwamba imeharibika. Kwa hivyo usiipange kwa mtindo wa kushikilia. Ingia kwenye mipangilio ya Zello, sehemu ya vitufe vya kuongea, ongeza kitufe cha hedseti, kisha uchague mtindo wa kubonyeza mara moja kuanza na mara ya pili kumaliza.

Hedseti ya Bluetooth

Shikilia kitufe cha kuwasha hadi taa iwake-wake, kisha uitafute kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Zingine za zamani huomba namba, na mara nyingi ni 0000. Ikishaungana, bonyeza jina lake kwenye orodha uhakikishe imeruhusiwa kwa simu, si kwa muziki pekee. Ikiwa ya muziki pekee, utasikia wenzako lakini wao watasikia maikrofoni ya simu iliyo mfukoni.

Kitufe cha hedseti kisipotambuliwa, usihangaike. Kwenye iPhone hasa, vitufe vya hedseti za kawaida mara nyingi havifanyi kazi hii. Kuna vitufe vidogo vya Bluetooth vilivyotengenezwa kwa ajili ya bonyeza-uongee, vinavyofungwa kwenye usukani wa pikipiki au kwenye kola. Uliza kama programu yako inakitambua kabla ya kununua.

Mipangilio ya simu

Kwenye Android, ipe programu ruhusa ya maikrofoni na ya vifaa vya karibu. Kisha ingia upande wa betri, uiondolee vizuizi. Usipofanya hivyo, simu huifunga programu ikikaa kimya, na boda anabaki akidhani duka limenyamaza.

Baada ya hapo fanya jaribio. Zima skrini, weka simu mfukoni, tembea nje, umwambie mwenzako arudie neno kwa neno ulichosema. Jaribu pia kuzima hedseti ghafla. Simu nyingi zitahamishia sauti kwenye spika ya nje, na kila aliye karibu atasikia kiasi kilicholipwa. Punguza sauti ya spika mapema.

Maneno ya kikundi

Acheni "imeingia" na "haijaingia". Kubalianeni maneno mawili yasiyofanana hata yakikatika, mfano "toa mzigo" na "subiri". Boda akisikia kitu kingine chochote, asubiri. Zello pia huhifadhi ujumbe uliopita, kwa hivyo anaweza kusikiliza tena badala ya kukisia.

Na uthibitisho utoke upande wa duka kila mara. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaweza kuwa wa kughushi, na picha ya skrini ndiyo rahisi zaidi. Utaratibu ni huu: boda anasoma namba ya muamala kutoka kwa simu ya mteja, mhudumu anaitafuta kwenye rekodi za till, analinganisha namba na kiasi, ndipo anasema "toa mzigo". Kama namba haipo, jibu ni "subiri", hata mteja akikasirika.

Ya kutosemwa hewani

Mtindo wa kubonyeza mara mbili una hatari yake. Ukisahau kubonyeza mara ya pili, maikrofoni inabaki wazi na kikundi chote kinasikia unachoongea na mteja. Kwa hivyo jizoeze kumaliza kwa neno "mwisho", kisha ubonyeze.

PIN usiitaje kwenye kikundi hata siku moja, hata kwa tajiri wako au kwa mtu anayedai anatoka kwetu. Sisi hatutakuomba PIN, kwa simu, ujumbe wala redio. Namba ya kitambulisho ya mteja pia isipite hapo. Mtu akiacha kazi, mtoeni kwenye kikundi siku hiyohiyo, maana anaendelea kusikia mnavyolipwa na nani amebeba nini.

Mwisho ni barabara. Sheria inamkataza dereva kutumia simu chombo kikiwa kwenye mwendo, na orodha ya faini za makosa madogo ya mwaka 2016 iliweka shilingi 2,000 kwa kosa hilo. Hedseti isikupe kiburi. Sikiliza kwa sikio moja, lingine liachie magari, na ukitaka kujibu, egesha kwanza. Duka linaweza kungoja dakika mbili.

Jioni hii, kabla ya mzigo wa kesho, kaeni pamoja dakika kumi mpange simu zote, ya duka ikiwa ya kwanza. Hiyo ndiyo inayotamka neno ambalo mzigo unalingojea.