Kiptere hadi hospitali: Kompyuta hupimaje umbali?

Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane kandokando ya Kiptere, Kaunti ya Kericho, anayepokea simu ya dharura sharti ajibu swali moja: ni kituo kipi cha afya kilicho karibu zaidi? Iwapo orodha ya vituo imo kwenye kompyuta, jibu laweza kupatikana kufumba na kufumbua. Laweza pia kupotosha.

Hifadhidata nyingi huulizwa maswali kwa lugha iitwayo SQL. Lugha hiyo humruhusu mtaalamu kujitungia funksheni, yaani kanuni ya hesabu inayoandikwa mara moja, ikapewa jina, kisha ikatumiwa ndani ya swali lolote. Tuseme jina lake ni umbali_km. Funksheni hiyo hupokea latitudo na longitudo za mahali pawili, huzigeuza digrii kuwa radiani, kisha hutumia fomyula ya havesaini na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Fomyula hiyo huzingatia kwamba uso wa dunia umepinda. Anayeuliza huagiza tu vituo vipangwe kwa umbali_km, kuanzia kilicho karibu. Kosa likigunduliwa, hurekebishwa mahali pamoja.

Hata hivyo, hesabu hiyo hufanywa kwa kila kituo orodhani, na orodha ndefu huchelewesha jibu. Dawa yake ni kuchuja kwanza. Karibu na ikweta, digrii moja ya latitudo au longitudo ni takriban kilomita 111. Basi vituo vilivyo nje ya digrii 0.3 kila upande, yaani kama kilomita 33, huachwa kabla ya funksheni kuanza kazi.

Hatari kubwa zaidi imo katika takwimu zenyewe. Mji wa Kericho uko latitudo -0.37 na longitudo 35.28. Alama ya kutoa ikisahaulika, mji huhamia kaskazini kwa takriban kilomita 82, ukajikuta jirani na Eldoret. Namba hizo zikibadilishana nafasi, Kericho huwa kaskazini mwa Algeria.

Isitoshe, funksheni haijui barabara. Kutoka Kericho hadi Kisumu, hesabu hutoa kama kilomita 65, ilhali safari ya gari ni takriban 80. Huku Kiptere, kwenye milima na bonde la mto Sondu, kituo kinachoonekana karibu chaweza kuwa ng'ambo ya mto, na daraja liko mbali. Wala mpaka wa kaunti usitumiwe kuchuja orodha, kwani kituo cha karibu chaweza kuwa upande wa Kisumu.

Kwa hivyo, funksheni na itaje vituo vitano vya karibu, kisha dereva anayezijua njia za huko aulizwe ni kipi kinachofikika upesi. Mgonjwa hasafiri kwa mstari mnyoofu.