Nusu ndoo ya maji kila wiki huondoa harufu ya tangi la samaki

WAFANYABIASHARA wanaouza samaki wa mapambo hukutana na lalamiko moja mara kwa mara. Mteja hununua tangi la kioo, kokoto za rangi na samaki kadhaa, akaondoka na furaha. Baada ya wiki mbili au tatu hurudi akisema maji yamekuwa meupe kama ya kunawia mchele, sebule inanuka na samaki wamekufa. Mara nyingi mteja huyo hanunui tena, na majirani walioona yaliyompata nao hawathubutu.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa. Tangi lililotunzwa vizuri halinuki shombo. Harufu yake ni ndogo, kama ya udongo uliolowa mvua, tena huisikia yule tu anayeinamia maji. Tangi likianza kunuka hadi mlangoni, kuna kitu kinaoza ndani yake.

Harufu inatoka wapi

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki, kinyesi, majani ya mimea yaliyokufa na samaki aliyefia nyuma ya jiwe huongeza amonia hiyo vinapooza. Amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaofanya kazi ya usafi. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa isipokuwa ikirundikana. Bakteria hawa hukaa zaidi kwenye chujio, kokoto na mawe kuliko kwenye maji yenyewe.

Huwachukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Kwa sababu hiyo tangi jipya linalojazwa samaki siku ya kwanza huharibika haraka. Muuzaji anayetaka mteja arudi humwuzia samaki wawili au watatu kwanza, na wengine baada ya mwezi. Akimpa na kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la tangi lenye afya, bakteria huanza kazi mapema.

Harufu ya yai bovu ina chanzo tofauti. Hutokea pale tabaka la mchanga au kokoto linapokuwa nene na uchafu ukajikusanya chini bila hewa. Dawa yake ni kupunguza unene wa tabaka hilo na kunyonya uchafu kidogo kidogo, si kulivuruga lote kwa siku moja samaki wakiwa ndani.

Kosa la kuosha kila kitu

Wengi wanaposikia harufu humwaga maji yote, husugua kioo na kokoto kwa sabuni, kisha hujaza maji mapya ya bomba. Tangi hung'aa siku hiyo, lakini bakteria wote wameondoka na kazi inaanza upya. Wiki moja baadaye harufu hurudi, safari hii pamoja na vifo.

Utaratibu unaofaa ni mwepesi zaidi. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua karibu lita 50, kwa kuwa halijazwi hadi ukingoni. Kila wiki yatolewe maji robo au pungufu kidogo, yaani lita 10 hadi 12, ambazo ni kama nusu ya ndoo ya lita 20. Yatolewe kwa mpira unaopitishwa juu ya kokoto ili uchafu uliolala chini unyonywe pamoja na maji.

Maji mapya ya bomba huwa na klorini inayoua samaki na bakteria pia. Yakiwekwa kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida huondoka. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kukaa peke yake hakutoshi, inabidi kutumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Ndoo na mpira huo visitumike kwa sabuni.

Sponji ya chujio huoshwa ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba. Ukijani kwenye kioo hufutwa kwa kitambaa kisafi. Tangi lisiwekwe dirishani, kwani jua huleta ukijani na kuchemsha maji, na maji ya moto hubeba hewa kidogo.

Chakula na idadi

Vyanzo vikubwa vya uchafu ni chakula kingi na samaki wengi. Samaki wapewe kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili au tatu, na kinachobaki kitolewe. Kukosa chakula siku moja hakumuui samaki mzima mwenye afya.

Kwa samaki wadogo, wafugaji wengi huhesabu sentimita 2.5 za samaki aliyekomaa kwa kila lita 4 za maji. Tangi la lita 50 linatosha samaki sita wa sentimita 5. Samaki wa dhahabu huchafua maji zaidi na huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao ni wa jamii moja na sato, wawe waangalifu zaidi. Samaki hao wamezoea maji yenye pH ya kati ya 8.5 na 9, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara husaidia. Jambo jingine ambalo husahauliwa ni dawa ya mbu ya kupuliza. Nyingi zina sumu kali kwa samaki, na pampu huvuta hewa ya chumba hadi kwenye maji.

Maji machafu ni mali

Maji yanayotolewa kila wiki yana naitrojeni, kirutubisho kilekile ambacho mkulima hukinunua kwenye mifuko ya Urea na CAN. Yanafaa kumwagilia mchicha na maua, ilimradi tangi halikutiwa chumvi wala dawa.

Kisichofaa ni kumwaga samaki au mimea ya tangi mtoni au ziwani. Gugu maji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika Kusini, na lilienezwa duniani kama ua la mapambo. Wavuvi wa ziwa hilo wanajua gharama yake.

Kwa mwenye duka, utunzaji huu ni kazi ya kuuza pia. Hoteli, zahanati na ofisi zenye matangi hazina muda wa kunyonya uchafu. Mwenye ndoo mbili, mpira na daftari la tarehe anaweza kuwahudumia kwa malipo ya mwezi, na akawauzia chakula na samaki kila anapopita.