Mtoto akiomba chupa tupu na yai, usikimbilie kusema ni michango

Mtoto wa darasa la tano anarudi jioni na agizo la mwalimu: kesho kila kundi liende na chupa mbili tupu, chumvi kidogo na yai moja kwa ajili ya somo la sayansi. Si ajabu mzazi akauliza, "Mmeanza tena michango?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 2014 wazazi katika kata nyingi nchini walichangishwa ili kila sekondari ya kata ipate maabara tatu. Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima vilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Januari 2018, Rais John Magufuli akapiga marufuku walimu kuchangisha wanafunzi, na mwenye nia ya kuchangia akaelekezwa kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo mzazi wa Likombe, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ana haki ya kuwa macho kila anaposikia neno "leta".

Lakini chupa tupu si fedha. Chumvi ni ya vijiko vichache, na yai hurudi nyumbani likiwa zima. Kinachopotea mtoto asipokwenda na vitu hivyo ni kikubwa kuliko bei yake.

Yai linafundisha nini?

Yai bichi likitiwa kwenye chombo cha maji ya bomba huzama. Ongeza chumvi kijiko kimoja kimoja, ukikoroga taratibu. Baada ya vijiko kadhaa yai huanza kupanda, kisha huelea. Yai halijabadilika, kilichobadilika ni maji. Maji yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko maji matamu ya ujazo uleule, kwa hiyo yanaweza kulibeba.

Hapo ndipo maswali huanza. Je, kwenye maji ya bahari litaelea? Watoto wengi watajibu ndiyo. Wakijaribu, wataona yai jipya kwa kawaida linazama, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi tu za chumvi. Na yai la siku nyingi je? Hilo linaweza kuelea hata kwenye maji ya bomba, kwa kuwa maji yaliyo ndani yake hupungua na nafasi ya hewa hukua. Mama anayetia mayai kwenye bakuli la maji kabla ya kukaanga anafanya jaribio hilohilo.

Mtoto aliyeona haya kwa macho yake hasahau. Faida yake huonekana zaidi akifika sekondari, ambako masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyekariri ubaoni atabeba mizigo miwili kwa pamoja: lugha ngeni na jambo asilowahi kuliona. Aliyefanya kwa mikono atajifunza jina jipya la kitu anachokijua. Na kidato cha nne, mtihani wa fizikia, kemia na biolojia una sehemu ya vitendo. Haifai hiyo ikawa mara ya kwanza kwake kushika mizani.

Korosho na bahari ni maabara

Shule ya Mtwara isiyo na vifaa vya dukani bado ina vya kufundishia. Mkulima anayechagua mbegu za korosho huzitia kwenye maji: zinazozama hupandwa, zinazoelea hutupwa. Hilo ni somo la yai kwa namna nyingine. Anayepuliza salfa dhidi ya ubwiriunga hufanya hivyo alfajiri, umande ukiwa bado majani mabichi na upepo umetulia. Muulize mtoto kwa nini asisubiri saa sita mchana, na umempa somo zima kuhusu kuvu, unyevu na upepo.

Baharini kuna mengine. Akina mama wanaokwenda kutafuta pweza wanajua kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hupwa mbali zaidi. Wanajua pia kwamba maji ya kesho hayatakuja saa ileile ya leo. Huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mtoto akiandika saa za maji kujaa na kupwa kwa wiki mbili, pembeni akichora umbo la mwezi, atakuwa na jedwali ambalo hakulinakili popote.

Wataalamu nao hawako mbali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kinachojulikana nchini kwa utafiti wa korosho, kiko ndani ya manispaa hiyohiyo. Kusini kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Barua ya mwalimu mkuu na kamati ya shule kuomba ziara au mgeni wa darasani haigharimu chochote.

Kicheko kinachoua swali

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Akiogopa kukosa nafasi kwenye friza, aliingiza mchanganyiko wake ungali moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa wa baridi. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Wenzake walimcheka.

Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo, na hadi leo jambo hilo duniani kote huitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana lini hutokea na kwa nini. Lakini mzozo huo wote ulianza na mwanafunzi aliyekataa kunyamazishwa na kicheko.

Nyumbani tunacheka pia. "Wewe maswali yako hayaishi!" ni kauli ya kawaida mzazi anapochoka. Ukikosa jibu, sema, "Sijui, kesho muulize mwalimu, kisha uje unieleze."

Mzazi afanye nini?

Kwanza, tofautisha. Mwalimu akiomba fedha, uliza kwenye kamati ya shule. Akiomba chupa, vifuniko, majani au mbegu, toa.

Pili, jitolee wewe mwenyewe. Seremala, mvuvi, mama lishe na fundi umeme wana dakika 30 za kuwaonyesha watoto kazi yao. Mwambie mwalimu mkuu kwamba uko tayari.

Tatu, linda usalama. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Mtoto asilibangue wala kulichoma peke yake. Moto, vioo na bahari vinahitaji mtu mzima jirani.

Nne, msimu wa korosho unapoanza kuelekea Oktoba, mtoto asiachishwe vipindi ili akaokote. Aende shambani baada ya masomo, na daftari lake.

Mwisho, ukikagua daftari la sayansi, usihesabu vema tu. Tafuta mchoro au jedwali la kitu alichokiona mwenyewe. Muhula ukiisha bila hata kimoja, hilo ni la kuuliza kwa heshima kwenye mkutano wa wazazi.